Chumba cha Mwenye Mke

Kule Geita, miaka ile ya arobaini, mgodi ulimpa chumba mwanamume aliyeoa. Kapera alilala bwenini na wenzake, miguu ya huyu kichwani mwa yule. Mwenye mke alipata chumba chenye mlango wake, na kila Jumamosi mke alipanga foleni ya posho: unga, maharage, chumvi. Mwanamke asiye na mume hakuwa na foleni.

Niliyajua hayo kwa kuuliza. Shule niliiacha darasa la tatu, kwetu Samuye, nikaenda Kahama kuchunga ng'ombe wa watu, nikapakia mpunga, nikachoka, nikaja Geita kusukuma toroli za mawe. Kila nilipofika nilitaka kujua watu wanaishije.

Mwanamke mmoja nilimkuta nje ya lango la mgodi, amekalia mzigo wake. Alikuwa ametoka Ruanda kwa miguu. Mumewe alikufa kwa njaa, mashemeji wakachukua shamba, na yeye akapelekwa kulima barabara kwa viboko mpaka akatoroka. Misheni ilimlaza siku tatu na kumpa blanketi, lakini wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Aliyasema hayo kwa Kiswahili cha kuokoteza, bila kulia. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Jiko," akasema. "Langu. Niwashe mwenyewe."

Jiko sikuwa nalo, ila nilikuwa na ulimi. Nikampeleka kwa karani.

"Mke wangu amefika."

Karani akaniangalia juu ya miwani. "Wewe? Jana ulikuwa kapera."

"Jana alikuwa bado njiani."

"Bahati yako. Wangu amefika zamani na haondoki." Akaandika.

Yeye alilala ndani, mimi barazani juu ya mkeka. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisumbwa, alidhani tumegombana, akawa ananiamkia kwa utani kila asubuhi akienda kuteka maji.

"Mwangaluka, baba! Bado hujasamehewa?"

"Bado, mayu," nikamjibu, yaani mama.

"Mpelekee kanga. Maneno matupu hayafungui mlango."

Sijui nieleze vipi miezi ile. Tangu nitoke kwa mama yangu sikuwahi kutoka kazini nikakuta moshi kwenye paa ninalolijua. Ugali wangu aliuweka kizingitini umefunikwa kwa ungo. Nilimuuliza habari za kwao, naye alinisimulia milima, na migomba iliyosimama karibu na nyumba kiasi kwamba mvua ikinyesha husikii mtu anayebisha. Alipokuwa akisimulia alinipa mgongo, uso upande wa magharibi. Mimi nilitazama ule mgongo, nikatamani asimalize.

Siku moja alipanda maharage chini ya ukuta wa chumba. Yalipochipua mnyapara akaja akayang'oa. "Hapa kambi," akasema, "si kijijini kwenu." Yeye akaokota miche mmoja mmoja, akaifunga kwenye jani bichi. Jumapili akaniomba nimpeleke kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji cha ng'ambo ya kilima. Alikuwa amesikia kwamba huwapa wageni uwanja wa kujenga, ilimradi awepo mtu wa kuwasemea.

Mwanangwa tulimkuta na wazee wenzake, wanasuka kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa mgodini unayelala nje?" Wazee wakacheka. "Na huyu ndiye mkeo. Nitampaje uwanja mke wa mtu? Kesho ukimwita atakufuata, na nyumba nimwachie nani, popo?"

Uwongo wangu uliompatia posho ndio uliokuwa unamfungia njia. Neno moja lingetosha. Nilijua nikilisema, chumba kitakwisha. Nikaangalia kamba mikononi mwao, nikajifanya natafuta la kusema.

"Kaka," mwanamke akaniita. Hakuwahi kuniita kwa jina lolote kabla ya siku ile.

"Si mke wangu," nikasema. "Ni mjane. Nilimdanganya karani."

Mwanangwa akaacha kusuka. "Basi nenda ukayaseme hayo kwa karani, na mtu wangu asikie. Sitaki uje hapa mwakani unadai mke."

Nikaenda, nikasema. Karani akapiga mstari, posho ikakatika siku ileile, nami nikarudi bwenini. Yeye akapokewa na mke wa mwanangwa, akawa analima shambani kwake na kupewa unga wa mtama mpaka mavuno yake mwenyewe. Vijana wa elika, kundi la kijiji la kusaidiana kulima na kujenga, wakamsimamishia nyumba kwa siku mbili. Nilikwenda kusaidia kukandika.

Kwa desturi yao, moto wa kwanza wa nyumba mpya hutoka kwa mwanangwa. Nilimwona yule mwanamke akitoka huko na kaa la moto kwenye kigae, anatembea polepole, mkono mmoja umekinga upepo. Alitupita sote. Akaingia, akainama, akapuliza, nikasikia kuni zikishika. Kisha akafunga mlango kwa ndani, mchana kweupe, nasi tukabaki uwanjani na udongo mikononi, hakuna aliyethubutu kubisha.