Mstari Niliompa Mwende Haumo Kwenye Biblia

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku tuliko watu wa bara ni wachache na tunajuana hadi rangi ya mapazia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni upande wa Mwingi na huu ni mwaka wangu wa tisa Garissa. Nakaa mtaa wa Waberi, chumba na sebule. Nimeokoka. Au niseme nilijua nimeokoka, siku hizi sijui hata nijiite nani.

Jumapili alasiri huwa tuna ushirika mdogo nyumbani kwangu, watu kumi na wawili hivi, walimu, manesi, wenye vibanda. Pasta wetu alipohamishwa waliniteua mimi niongoze. Si kwa sababu nalijua Neno, hapana. Nina sauti. Nikishika maombi mtaa mzima unajua. Lakini Biblia yangu, jamani, ilikuwa safi, kurasa zingine bado zimeshikana. Mahubiri nilikuwa naokota kwenye stetasi za watu, nasikiliza mhubiri kwenye simu huku nakaanga vitunguu, Jumapili nasimama nasema, "Neno linasema!" na wote wanaitikia amina. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni wapi.

Mwaka jana akaja dada mmoja, nimuite Mwende, ana miaka ishirini na sita. Mama yake tulisoma pamoja. Mumewe ni fundi wa ujenzi kule Lafey, mbali huko mpakani, na alikuwa anampiga. Si kofi moja la hasira, anampiga. Akatoroka na mtoto wake, akapanda basi mpaka Garissa, akafikia kwangu jicho moja limefumba. Wiki mbili tu akaanza kucheka, akapata na kibarua cha kupika chapati kwa mama mmoja sokoni. Kisha mume akaanza kupiga simu, mara analia, mara anaomba msamaha. Jumapili moja kwenye ushirika Mwende akaniuliza mbele ya watu, "Anti, Neno linasema nini? Ukisema nibaki, nitabaki."

Ningesema tu sijui, ngoja nitafute. Ningepungukiwa na nini? Lakini mimi na mdomo wangu! Wote walikuwa wananitazama, nikakaza sauti: "Neno linasema, mwanamke akitoka kwa mumewe, baraka zake hubaki mlangoni. Iko Mithali." Amina! Nikaongeza, na hili ndilo linalonitafuna, "Na atakayekuja kukugeuza, hata awe nani, jua ametumwa na shetani." Amina tena. Jumatano Mwende alifunga mzigo wake akarudi Lafey.

Jirani yangu Halima, mama Msomali tunayetumia naye uwanja mmoja, alikuwa amempenda sana yule mtoto. Akaniuliza kwa nini nimewaachilia. Nikamjibu kwa maringo kwamba kitabu chetu ndicho kilichosema. Akaacha kufua. "Abaayo, kitabu yenu inasema hifyo? Nionyeshe." Abaayo kwao ni dada. Nikaingia ndani nikaleta Biblia. Nikafungua, nikafungua, mstari siuoni. Halima alingoja pale na mikono yake ya sabuni. Mwishowe akasema, wala hakunicheka, "Sisi mtoto ya duksi, miaka sita, akikosea neno moja tu mwalimu nasimamisha yeye, anarudia mbaka iwe sawa. Wewe nani nasimamisha?" Duksi ni chuo chao cha Kurani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilipekua Mithali yote, nikapekua mbele na nyuma, wiki mbili. Haumo. Baadaye nikakumbuka nilikoutoa: harusini, emsii akitafuta kupigiwa makofi! Nilichokikuta badala yake ni waume kuagizwa wawapende wake zao kama miili yao wenyewe. Kitabu hicho nimekaa nacho miaka yote, na siku mtoto wa watu alipokihitaji sikujua kilichomo. Nililia mpaka kwikwi.

Nikampigia Mwende. "Mwanangu, nisamehe, mstari ule haupo. Rudi." Akasema kwa upole, "Anti, wewe mwenyewe ulinionya, hata awe nani. Sikujua shetani angekutumia wewe." Akakata. Nikapiga picha kurasa za Biblia nikamtumia, simu ikaonyesha amezitazama, basi. Mama yake alipompigia akaambiwa yale yale. Nikatafuta namba ya mzee wa mtaa wao kule, akasema mwanamke mwenyewe hajalalamika, yeye afanye nini. Nikakiri mbele ya ushirika wangu, nao wakaniambia, "Mwalimu, hayo ni majaribu tu, umechoka, endelea kutuongoza." Wakaitikia amina. Nilitaka kuwarushia viti.

Juzi Mwende amenitumia ujumbe wa sauti, maneno yanatoka mazito kama ya mtu aliyevimba mdomo. Hakulalamika hata kidogo. Anasema ana mimba ya miezi minne, na kwamba akipigwa anausema ule mstari moyoni, anaurudia mpaka mume achoke. "Unanisaidia kuvumilia, Anti. Niombee tu nisije nikatoka."

Nimeusikiliza ujumbe huo sijui mara ngapi. Nikitaka kuomba sauti haitoki, mimi niliyesifiwa sauti. Naogopa simu ikilia, naogopa pia isipolia. Nimewaza kupanda basi niende mwenyewe, lakini akiniona mlangoni ataona nani kama si yule niliyemwonya kwamba ametumwa na shetani?

Ndugu zangu mnaolijua Neno kwa kulisoma, si kwa kulidandia kama mimi, msinihurumie, nisaidieni. Ukweli sasa ninao, uko wazi hapa mezani. Nimwambie Mwende kwa mdomo gani, maana huu wangu ndio uliompeleka?