Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Shangazi alipoingia kutoka Puge, nilifunika kompyuta mpakato ili nimwamkie vizuri. Ikalala na sura ya riwaya yangu kuhusu mjane, ambayo sikuwa nimeihifadhi. Nilipoifunua, feni ilivuma lakini kioo kilibaki cheusi.

Nikampigia binamu yangu, fundi wa kompyuta pale Gongoni.

"Uliisasisha?"

"Jana."

"Basi ni kerneli, moyo wa mfumo. Hii mpya haijui kuamsha kioo chako. Izime kwa nguvu, uwashe na ile ya zamani."

"Na sura yangu?"

"Hiyo imekwenda, dada. Pole sana."

Kwa kerneli ya zamani ililala na kuamka bila shida. Shangazi, aliyesikia yote, akasogeza kiti karibu.

"Haya, huyo mjane uliyenisimulia habari zake alikuwa amefika wapi?"

Nikaanza kumsimulia huku nikiandika.