Mng'aro wa Upande Mmoja

Mfupa wenyewe ulikuwa mmoja tu, urefu wa kidole cha kati, umechongwa ncha. Tuliutoa kwenye pango dogo upande wa Geita, jirani na duara la wachimbaji, yaani shimo lao la dhahabu. Ulilala chini ya majivu ya kale na vipande vya jiwe jeupe, lile lile ambalo wao hulisaga kutafuta dhahabu. Wenzangu walibaki na mawe. Mimi nilikabidhiwa mfupa na mifuko ya yale majivu, kwa maandishi, nieleze mfupa ulitumika kufanyia nini. Nikaja navyo nyumbani Nyahanga, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kukaa na mama.

Mama alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Nilimtoa kwake Tinde baada ya majirani kumkuta mara mbili akitembea katikati ya barabara kuu. Kwangu alikaa kimya, mikono mapajani, yeye aliyekuwa fundi wa vikapu. Kila asubuhi nilipopeleka uji aliinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Mwanamke aliyenizaa ananiamkia! Sikuitikia hata siku moja. Niliweka uji chini nikatoka na hasira zangu, maana niliona nikisema marahaba nitakuwa nimemzika akiwa hai.

Kazi yangu inataka watu wenye subira, nami subira sina, nina ubishi. Unapaka kwenye ncha ule mpira laini ambao madaktari wa meno hutumia kuchukua umbo la meno, unapata nakala ya kila mkwaruzo. Kisha unachonga mifupa mipya. Mimi nilichukua miguu ya mbuzi buchani. Mmoja nikatobolea ngozi, mwingine magome, mwingine nyasi, mpaka kiganja kikachubuka. Halafu unalinganisha chini ya hadubini. Mikwaruzo ya mfupa wa kale ilifanana na ya nyasi, na ililala kwa namna iliyoonyesha kwamba mtumiaji alikuwa mashoto. Hapo nilijisifu kidogo. Kilichonishinda ni mng'aro laini, kama wa mafuta, upande mmoja tu wa ncha. Ngozi haikuutoa, nyasi nazo hazikuutoa.

Wiki ya tatu niliurudisha mfupa chini ya hadubini nikaona mikwaruzo mipya. Nilidhani macho yamechoka. Nikatazama nakala ya siku ya kwanza, mikwaruzo hiyo haikuwepo. Ilikuwa mibichi, imelala sambamba na ile ya zamani, kwa mwelekeo ule ule wa kushoto, na mng'aro ulikuwa umeongezeka. Mimi hutumia mkono wa kulia, na chumba nilichofanyia kazi nilikifunga kila nilipotoka. Ufunguo niliutundika msumarini hapo hapo mlangoni, kwa kuwa mtu pekee aliyebaki nyumbani nilimhesabu kama asiyeweza kitu. Kama mfupa umetumiwa juzi, ushahidi umeharibika, na aliyetia sahihi ni mimi.

Siku iliyofuata niliaga kwamba naenda Kagongwa, nikafika barabarani, nikageuka. Ilikuwa saa saba mchana, mabati yakilia kwa joto. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani nilisikia mkwaruzo mdogo, kimya, mkwaruzo tena. Nikasikia na sauti ya mama, akisema Kisukuma polepole, akinyamaza kidogo, kisha akiendelea, kama mtu anayejibiwa.

Alikuwa sakafuni, na zile nyasi zangu za majaribio zimekuwa nusu ya kikapu, kimekaza kiasi cha kushika maziwa. Mfupa ulikuwa mkono wa kushoto. Mama ni mashoto. Nilikuwa nimesahau, maana siku hizi namlisha mwenyewe. Kila baada ya matobo machache aliupitisha ubavu wa ncha kichwani, upate mafuta ya nywele, uteleze. Lakini kichwa chake nilikuwa nimekinyoa.

Aliponiona hakushtuka. Alipigapiga sakafu kwa kiganja. "Kaa hapa karibu. Changu kimekauka."

Nilipaswa kumnyang'anya. Baadaye niliandika yote kwenye ripoti, na kukemewa nilikemewa. Lakini pale nilikaa mbele ya magoti yake, na nilipokaa tu nikakumbuka. Nikiwa mdogo, Tinde, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kukaa hivyo hivyo ili kitoboleo chake kipate mafuta kwenye nywele zangu. Wiki tatu nilichonga miguu ya mbuzi kutafuta chanzo cha ule mng'aro, jambo nililolelewa nalo. Nililia, sioni aibu kusema.

Mfupa ukapita utosini, wa baridi, taratibu. Nikawaza kichwa kilichowahi kukaa hivi pangoni.

"Ulikuwa unaongea na nani, mama?"

"Na mwenye mfupa," akasema, sauti ya kawaida tu. "Nikikosea ananifumulia."

Kisha akauinua uso, akatazama juu ya kichwa changu, kwenye kona ilikokuwa mifuko ya majivu ya pangoni. "Shikamoo, mayu," akasema, akangoja. Mkono wake ulisimama kwenye nywele zangu. Sikujua tena kama asubuhi zote zile alikuwa akiniamkia mimi. Nilitaka kugeuka, shingo ikakataa.

"Marahaba," nikasema upesi, kabla hajaitikia mwingine.