Neti ya Kuwindia Kanga

Juzi dukani Mugutha niliona neti ya kijani ya kufunika miche, na harufu yake ya plastiki ikanirudisha Makongeni, siku niliyoenda na baba kuchagua kitu cha kutuficha tukiwinda kanga wa porini. Turubai lilikuwa ghali, gunia zito. Baba alinunua neti, akaikunja, akaiingiza ndani ya sweta, akaniambia akicheka:

“Hii, mami, hakuna mtu atajua nimebeba.”

Mchana huo tulilala chini yake katikati ya miti ya kahawa, kwenye shamba alilofanyia kazi. Kanga walikuwa wakilia karibu. Kisha nikasikia buti za askari wa shamba. Nilidhani tumejificha ili kanga tu wasituone, na nyumbani nilikuwa nimefunzwa kusalimia kila mtu mzima. Nikatoka, nikampa mkono.

“Uko na nani hapa?” akaniuliza.

“Na baba. Yuko chini ya neti.”

Jioni baba alifutwa kazi kwa kuwinda shambani, tukahamishwa kutoka nyumba ya shamba. Baba alikuwa na godoro kichwani. Bila kunitazama, alisema, “Angalau unajua kusalimia watu.”

Nina digrii sasa, na bado sijui kama alikuwa ananisamehe.