Swali la Mama Chumvi

Ngozi za wanyama waliowindwa na wageni kutoka nje zilipitia mikononi mwa Mama Chumvi. Alizikwangua nyama iliyosalia, akazipaka chumvi, akazikunja tayari kusafirishwa. Karakana ilinuka hadi barabarani, na wenye maduka ya jirani walimtania kwamba nzi wa mtaa mzima wanamjua kwa jina. Alicheka nao. Lakini gari la Risasi Moja likisimama mlangoni, kicheko kilikatika.

Risasi Moja aliwaongoza wageni porini kuwinda, na jina hilo alijipa mwenyewe. Kaka yake Mama Chumvi alikuwa msoma nyayo wake, mpaka siku mgeni mmoja alipomjeruhi nyati, na nyati huyo akakimbilia kichakani. Risasi Moja alimtuma msoma nyayo amfuate, peke yake, mikono mitupu. Yeye alibaki garini na bunduki. Kaka mtu alirudishwa amefunikwa turubai.

Dada alikwenda kushtaki kwenye chama cha waongozaji wa uwindaji. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, huyu si mwanachama. Hatuna nguvu juu yake."

Risasi Moja alipopata habari alicheka sana. "Kwani kadi ya chama inaua nyati?"

Haiui, ni kweli. Wala haimpi mwoga moyo. Lakini mwenye kadi ana watu wa kumwita na kumuuliza alichofanya. Asiye nayo hujihukumu mwenyewe, na sijaona mtu wa namna hiyo akijitia hatiani.

Miaka ikapita. Wageni wakaanza kuuliza kabla ya kupanga safari: wewe ni mwanachama? Mmoja, aliyetaka kuja na wanawe, alisema bila hivyo haji, akakiachia chama namba yake ya simu. Risasi Moja akaomba kujiunga. Kwa utaratibu wa chama, mwombaji huhojiwa ukumbini, na yeyote aliyeguswa na kazi yake ana ruhusa ya kuuliza.

Siku moja kabla ya mahojiano alifika karakanani, kavua kofia.

"Dada yangu, pole na kazi."

"Aliyekuwa akiniita dada umeshamzika. Sema shida yako."

"Tusifukue makaburi. Kesho wewe baki nyumbani, na ngozi zangu zote nitakuletea wewe tu."

"Nenda kapumzike, baba. Kesho utasimama sana."

Ukumbini, mwenyekiti aliuliza swali ambalo kila mwombaji huulizwa: mnyama akijeruhiwa, nani anamfuata?

"Mimi mwenye bunduki, bega kwa bega na msoma nyayo," Risasi Moja alijibu haraka. "Hilo hata mtoto analijua."

Mama Chumvi akasimama. "Kumbe unalijua! Mimi nilidhani hukufundishwa. Sasa kaka yangu alipoingia kichakani, wewe ulikuwa wapi?"

Risasi Moja akamgeukia mwenyekiti. "Na hilo nalo ni swali?"

"Ni swali. Jibu."

"Garini."

"Sauti, bwana Risasi!" mtu akapaza kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

"Garini!"

Ombi lake likakataliwa palepale. Nje alimzuia Mama Chumvi njiani. "Umenikatia riziki. Umefurahi?"

"Sana. Na kesho nikiamka nitafurahi tena."

Ndugu zake Mama Chumvi walimvuta kando, wakamwambia basi, yatosha, amsamehe. Lakini yule bwana hakuwa ameomba msamaha. Alikuwa ameahidi ngozi. Mama Chumvi akajinasua, akarudi ndani.

"Mgeni akiwauliza habari za huyu, mtamjibu nini?"

"Kwamba si mwanachama," mwenyekiti akasema.

"Haitoshi. Mwambieni na sababu."

"Mama, utammaliza kabisa."

"Ndicho nilichokuja kufanya. Kama naongopa, mtetee."

Mwenyekiti akachukua simu na kumpigia yule baba aliyetaka kuja na wanawe. Mama Chumvi akavuta kiti karibu, akaketi, asikie kila neno.