Mguu wa Baba

Baba alikuwa mkwezi. Alikwea minazi ya watu kuanzia Kona ya Musa hadi Msambweni, na hata alipopatikana na ugonjwa wa sukari hakuacha. Kidonda kilipomtoka kwenye kidole gumba cha mguu, alikificha ndani ya soksi. Tulipokigundua, weusi ulikuwa umeshafika kwenye kifundo.

Hospitalini Msambweni, daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimwamkia kwanza. Kisha akamwambia wazi: mguu ukatwe leo, chini ya goti, kabla sumu haijaenea mwilini.

"Sitaki," baba akasema. "Nirudisheni nyumbani."

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa ameshaegesha gari mlangoni. Alimjua mganga mmoja Kombani. "Namchukua kaka yangu," akaniambia.

Hofu yangu ikageuka ukali. "Baba, utakufa! Unasikia? Utakufa!"

Kila nilipomtisha, alizidi kuung'ang'ania ule mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayeporwa. Kwake hakukuwa na wiki ijayo wala mwaka kesho. Kulikuwa na kisu tu, na saa ile. Hata mimi sikuona mbele zaidi ya hapo.

Ami akainama ili ambebe. Ndipo mama, aliyekuwa nasi tangu asubuhi, akaketi kitandani, karibu na ule mguu.

"Ramadhani ikifika," akamwuliza, "nikupikie futari gani?"

Baba akamtazama kama aliyetukanwa. Ami akasimama pale pale, mkono mmoja chini ya mgongo wa kaka yake.

"Mihogo ya nazi," baba akasema mwishowe. "Na samaki wa kupaka."

"Utakula wapi?"

"Barazani, wapi tena? Na wajukuu."

Kisha akalia kwa muda, mama akimshika bega. Alipotulia, akaniambia nikamwite daktari.

Ami alitoka, akaondoka na gari bila kuaga.

Baba alipona, ila alininunia kwa muda mrefu. "Ulinipigia kelele mbele ya watu," akaniambia siku aliyonisamehe.

Ami naye alikaa mbali, mpaka siku moja akaja na magongo aliyoyachonga mwenyewe. Yalikuwa marefu mno. Baba akayajaribu, akamrudishia.

"Kayakate," akamwambia.