Bi Masizi na Jiko la Mtumba

Mwanamke aliyetutengenezea jiko tulimwita Bi Masizi, naye aliitika jina hilo bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na miwili alichochea tanuri la kuchemshia maji kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na masizi yakaingia katika mistari ya viganja vyake yakakataa kutoka. Alipostaafu, watu wakaanza kumwita kutazama majiko yao ya kuni. Hakuwa na kibao mlangoni. Alikuwa na kikapu cha vifaa na subira, na kati ya hivyo viwili sijui kipi kilikuwa kizito zaidi.

Nilimwita kwa sababu ya mama. Miezi minne alikuwa akikaa kwa dada yangu, ghorofa ya tatu, maana kifua chake hakikuweza tena kuvumilia baridi ya nyumba yetu wala moshi wa mafiga. Daktari alisema wazi: arudi nyumbani kukiwa na joto lisilo na moshi, la sivyo asirudi. Mama akasema wazi zaidi: "Sitaki kufia kwenye ngazi za watu." Basi nikanunua jiko la chuma lililokwisha tumika, zito kama fahali, lenye mlango wa mbele na bomba la kutolea moshi nje. Kwa furaha yangu nikalisugua, nikalipaka rangi nyeusi ya kustahimili moto mpaka likang'aa.

Bi Masizi aliingia, akasimama, akashika kiuno.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nani kalipaka rangi?"

"Mimi," nikasema, nikisubiri sifa.

"Mwanangu, umempaka mgonjwa wanja kabla daktari hajamwona. Sasa nitajuaje kama macho yana manjano?"

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bi Masizi hakucheka. Alichomoa brashi ya waya kikapuni, akanikabidhi. "Uliyepaka ndiye utakayebandua."

Nikabandua asubuhi nzima.

Alipoliona jiko limebaki uchi, akafunga mapazia, akawasha tochi na kuilaza ndani ya jiko, kisha akalizunguka kwa magoti. Kwenye ubavu wa kushoto ulitokeza uzi wa mwanga, mfupi kama kidole. Akabana kipande cha gazeti kwenye mlango wa jiko, akakivuta. Kikatoka bila kubishana naye. "Kamba ya kuziba mlango imekufa," akasema. "Moshi utapita hapa kama mgeni asiyebisha hodi." Matofali ya ndani mawili yalikuwa na nyufa, la tatu likamvunjikia mkononi kama biskuti kavu. Wavu wa chini ulikuwa umepinda, lakini huo akaugeuza tu, akaupigapiga kwa kiganja. "Wewe bado una umri."

"Kwa hiyo halifai?" nikauliza. Nilikuwa namwona mama kwenye zile ngazi, mkono kwenye reli, akipumzika kila hatua ya tano.

"Nimesema halifai? Linaumwa. Wewe na mimi ndio wazima?"

Nilikuwa nimeshafungua kopo la saruji ya moto. "Basi tuuzibe huo ufa wa ubavuni leo leo, Bi. Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Wahenga wako walikuwa wanajenga kwa udongo. Chuma kikipata moto kinatanuka, na ufa unatembea chini ya saruji yako. Kwanza tuutafute unapoishia."

Akapaka mafuta ya taa ubavuni, akayafuta, kisha akapaka unga wa chaki. Tukangoja. Polepole mafuta yaliyojificha ndani yakaichafua chaki, na ufa ukajichora wenyewe, mrefu mara mbili ya ule uzi wa mwanga. Akatoboa tundu dogo kila mwisho kwa keekee ya mkono, ili usipate njia ya kuendelea. Ndipo akaujaza saruji, akaukandamiza kwa bamba nene la chuma na kulikaza kwa bolti. Akaweka matofali mapya, akavisha mlango kamba mpya, kisha akatuamuru tusiliguse siku mbili.

Siku ya tatu alirudi, akatutoa wote chumbani. "Moto wa kwanza ni wangu," akasema.

Tulimtazama kupitia dirisha, ambalo aliliacha wazi upana wa kiganja. Aliwasha vijiti vichache tu, maana saruji changa haipendi papara. Akachukua kitambaa kinachofuka, akakipitisha kwenye kila kiungo. Moshi wake ulipanda wima, haukuyumba. Lakini hakutoka. Alivuta kiti, akakaa saa nzima, mikono mapajani, akivuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi.

"Bi, toka basi, si liko sawa?" mke wangu akaita.

"Mnanifukuza kwenye joto nililolitengeneza mwenyewe?" Halafu sauti yake ikashuka. "Kule kazini niliwahi kusema tanuri liko sawa nikiwa nje. Aliyekuwa ndani ni mwenzangu."

Alipotoka akasema, "Mpigie dada yako simu."

Mama alikuja Jumapili. Alilikagua jiko kama anayekagua mkwe, akavua sweta la kwanza, baadaye la pili, akalalamika kwamba tunataka kumwoka. Mchana ule ule akasinzia kitini, mdomo wazi, pumzi ikienda na kurudi bila kukwama. Nilisimama mlangoni nikaisikiliza kwa muda mrefu. Sikumbuki kuwahi kusikiliza kitu kingine chochote kwa shukrani kama ile.

Nikaenda kwa Bi Masizi. Njia nzima nilipanga maneno ya kumshukuru, lakini nilipofika akaniwahi.

"Analala?"

"Analala, Bi."

"Hakohoi?"

"Hakohoi."

Akageukia bomba la jiko la mtu mwingine alilokuwa akilipangusa. "Basi unafanya nini hapa? Rudi ukapasue kuni. Na ziwe kavu."